Sema Tusikie

Sauti ya Waithera ilikuwa mali ya soko zima la Kondele, Kisumu kando ya ziwa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mtu akifiwa, yeye ndiye aliyetangaza matanga kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara: nani ameaga, mwili unatoka mochari lini, mchango apewe nani. Mama wa Kikuyu kutoka Murang'a, miaka ishirini na miwili akiuza nafaka hapo, na Kidholuo chake cha kuvunjavunja kiliwachekesha hata waliokuwa wakilia. Kundi lenyewe lilikuwa na watu mia tisa, aingie atakaye. Nani angejali? Nani huweka kufuli kwenye sauti yake?

Jumanne asubuhi ikaja sauti nyingine, ya sekunde kumi na nne. "Hiyo mahindi imeoza usitupe. Leta huku Kondele. Hawa watu ya ziwa wanakula tu, hawajui tofauti." Ilikuwa sauti ya Waithera, pumzi kwa pumzi, mpaka kile kikohozi chake kidogo. Aliisikiliza akiwa amesimama, akajishika kifua. Kwa dakika moja, haki ya Mungu, alijiuliza kama aliwahi kusema hivyo akasahau.

Hakuwahi. Enos, fundi wa simu wa duka la jirani, alimweleza: siku hizi kompyuta ikipewa sauti ya mtu kidogo tu, inamtungia maneno yoyote itakayoambiwa. "Na yako, mama, iko kwa kundi masaa na masaa." Haya, nenda kawaeleze watu hayo! Waithera alituma sauti ya kukana, akilia, akiapa. Ikawa mbaya zaidi. Watu walizisikiliza mbili hizo kwa pamoja, wakasema, si ni huyu huyu? Kila alipojitetea alizidi kufanana na yule mwongo.

Mpaka Alhamisi hakuwa ameuza hata gorogoro moja ya maharagwe. Mtu akaandika kwa mkaa mlangoni kwake: RUDI KWENU. Kwao wapi? Mumewe Muturi alizikwa hapa hapa Kisumu, na waliochimba kaburi ni wanaume wa soko hilo hilo.

"Min Shiro, nyamaza tu," Rosa alimwambia, akimwita Mama Shiro kwa Kidholuo, kwa jina la bintiye. Rosa huuza omena, dagaa wa ziwani, mkabala na duka lake, na ndiye peke yake aliyekuwa bado anavuka njia kuja kumwona. "Kaa ndani. Wiki mbili itapita."

"Nikinyamaza si watasema nimekubali?"

"Na ukisema?"

Waithera alichukua kitambaa akaanza kuufuta ule mkaa mlangoni.

Ijumaa Mzee Oyugi, mwenyekiti wa soko, akaita mkutano. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alipenda haki, na aliyaamini mno masikio yake. Soko lile lina desturi yake: ugomvi humalizwa mbele ya watu. Mtu akishtakiwa kwamba ametukana, hulirudia tusi lenyewe hadharani, na walioshuhudia waseme kama ndivyo lilivyosemwa. Kesi nyingi zimeisha hivyo, watu wakaenda kunywa chai.

"Mama Shiro," mzee akasema, "hapa hakuna mtu anakuchukia. Sema yale maneno na mdomo yako, tusikie. Kama si wewe, masikio itajua."

Hebu ona! Akikataa, anaficha kitu. Akikubali, je? Waithera hakufika huko. Alichoona ni njia ya kutoka, ya kwanza tangu Jumanne, na ilikuwa imefunguliwa na mtu anayemheshimu.

"Yawa, usiseme!" Rosa alipiga kelele kutoka nyuma. "Min Shiro, usiseme!" Wakamzomea akae chini.

Akasema. Akayasema yote, neno kwa neno, polepole na wazi ili wapate kusikia tofauti. Na wako walioisikia! Mzee Oyugi mwenyewe alitikisa kichwa akatangaza, "Hapana. Ile ingine ilikuwa kavu. Hii iko na mtu ndani." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akaja kumkumbatia. Waithera alilia kwa furaha, jamani, alilia kama mtoto.

Simu hakuziona. Zilikuwa zimeinuliwa kama thelathini hivi.

Kufikia saa nane mchana video ilikuwa imefika Sondu, imefika Busia, imefika Nairobi. Ilikatwa vizuri: mzee hayumo, makofi hayamo. Umebaki uso wake tu, na mdomo wake ukisema mahindi yaliyooza yaletwe Kondele. Enos aliitazama mara tatu, kisha akamwambia kwa huruma kwamba hii hawezi kuikana, hii ni yeye. Nje walianza kukusanyika watu ambao hakuwajua. Rosa akaingia naye dukani, akavuta mlango wa mabati na kutia komeo.

Simu ikalia. Alikuwa Shiro, binti yake, kutoka chuoni Eldoret.

"Mum, ile ya kwanza nilijua si wewe. Nimegombana na watu wote hapa hosteli. Lakini hii nakuona. Nakuona ukisema. Niambie kitu, tafadhali."

Waithera akafungua mdomo. Mtu akagonga bati kwa nje, mara moja, kwa nguvu. Akaufunga tena, kwa sababu lolote ambalo angemwambia mwanawe lingetoka kwa sauti ile ile.