Shubiri Moja Kupita Mpaka

Kwetu Kyoto kila mtu hufagia mbele ya mlango wake asubuhi, kisha hupitisha ufagio upande wa jirani shubiri moja tu, basi. Ukiishia mpakani kabisa, wewe mchoyo. Ukifagia hadi mlangoni kwake, umemwambia mbele ya watu kwamba yeye mchafu. Mama mkwe wangu, Bi Shizuno, alinifundisha hayo wiki ileile niliyoolewa, akanisimamia mpaka nikayashika. Nilimchukia sana wakati ule. Sasa ana miaka themanini na sita, mume wangu Yasuhei alishatangulia, tukabaki sisi wawili katika nyumba ya kupanga ambayo yeye aliingia akiwa bibi harusi.

Uchochoro wetu una nyumba saba za mbao zilizoshikana. Tulipanga kwa mzee Kuze, na mzee Kuze alikuwa mtu wa kukupa nafasi ukikwama. Alipokufa, mwanawe akagundua kwamba msafiri akilala siku tatu analipa kodi ya mwezi mzima ya mtu kama mimi. Kodi zikapanda, nyumba hadi nyumba. Akina Ogita na watoto wao wakahamia ng'ambo ya mlima huku wanalia. Nishio, fundi wa miavuli ya karatasi, alifariki, na kabla arobaini haijafika mlango wake ulishafungwa kisanduku cha ufunguo chenye namba za kubonyeza. Mwishowe nyumba sita wakawa wanalala watu nisiowajua, na mchuzi wa soya ukiniishia jioni sikuwa na wa kumgongea mlango. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema waliosema. Sisi tuliumwa zaidi.

Wageni wenyewe si watu wabaya. Wanaburuta masanduku yao, wanacheka, wanaondoka. Ila hakuna anayefagia. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa siku ya tatu wameshapanda ndege, jembe linabaki mkononi mwangu. Makopo na vichungi vya sigara vikarundikana mlangoni kwa Nishio hadi nikashindwa kuvumilia.

"Usivuke, Tazuko," Mama alinikataza. "Utamtia aibu Nishio."

"Nishio kafa, Mama."

"Ndo utamtia aibu marehemu sasa. Hawezi hata kukujibu."

Nilivuka. Nikafagia kwa Nishio, kwa akina Ogita, mwisho nyumba zote saba, nikanyunyiza maji kwa kata ili vumbi litulie, ndipo niende kazini kwenye jiko la shule. Mama alipoona nimeshavuka, naye akaja na ufagio wake mfupi kunisaidia, akawa anawainamia wageni na kuwaamkia. Wao wakawa wanampiga picha.

Majira ya joto yalipoisha, kijana wa Kuze alikuja kutoka Osaka na boksi la keki za maharage lililofungwa vizuri. Kijana nasema mimi, ana upara. Alipiga magoti kwa adabu, akatoa simu, akatuonyesha picha ya Mama na ufagio wake kwenye mawe yaliyolowa.

"Watu wanaandika huu ndo uchochoro msafi kuliko wote Kyoto," alisema. "Wanamtaja Bibi. Nyota tano, Bibi! Kazi yenu hii, kwa kweli nawashukuru."

"Tunafagia tu, baba," alisema Mama.

"Ndiyo maana sasa kuna kampuni ya Tokyo inataka kuununua uchochoro mzima." Akakohoa kidogo. "Mzima, yaani na nyumba hii. Wanakuja kuuona mwezi wa kumi na moja. Wakiupenda, mkataba wenu ukiisha mwezi wa tatu ndo basi. Wasipoupenda, tutaendelea tu kama kawaida."

Alipoondoka hatukuzigusa zile keki. Nilikaa nikiitazama mikono yangu. Nilikuwa nimejipalia makaa kwa ufagio wangu mwenyewe.

Nilizunguka kwa madalali wote wa karibu. Nyumba hazipo, au zipo kwa bei isiyosemeka, kwa sababu ileile iliyotukuta sisi. Wakisikia nina mzee, wanatabasamu na kufunga faili, maana mzee akifia ndani wanasema nyumba imeingia mkosi. Iliyopatikana ni moja tu, Yamashina, ng'ambo ya mlima, ghorofa ya nne, haina lifti. Nilipomwambia Mama, aliipapasa mikeka ya chumba cha nyuma.

"Mimi sina makuu," alisema. "Nataka nitolewe mlango aliotolewa mwanangu. Baada ya hapo wauze hata mabati."

Usiku ule nilimwambia mpango wangu. "Tusifagie, Mama. Mpaka watu wa Tokyo wapite."

"Hata mbele ya kwetu?"

"Hata kwetu."

"Kama nyumba ya mlevi," alisema, nami nikacheka, naye akacheka, tukakubaliana.

Nyuma ya ukuta kuna hekalu lenye mti mkubwa wa majani ya manjano. Majani yake ni mazuri. Matunda yake yakianguka na kukanyagwa hunuka matapishi. Mwezi wa kumi na moja mti ule ulinifanyia kazi bila mshahara. Wageni walipita wameziba pua. Mmoja aliandika kwamba tunaishi kwenye choo. Kijana wa Kuze akanipigia simu, nikamwambia mgongo unaniuma, nikajikohoza na kukohoa japo mgongo haukohoi. Nilidanganya kwa raha kabisa.

Aliyeteseka ni Mama. Aliacha kufungua mlango wa mbele. Yeye aliyekuwa akitangulia jogoo, sasa alilala asubuhi nzima ameelekea ukutani. Hakulalamika, ila chakula alikuwa anakidokoa tu.

Siku moja kabla ya watu wa Tokyo kufika, Kuze alituma wafagiaji wa kukodi. Wakaufagia uchochoro, wakaondoka. Jioni upepo ukavuma, mti ukamwaga kila kitu upya. Nililala na furaha niliyokuwa nimeisahau.

Kulipopambazuka nikasikia ufagio.

Nilitoka na nguo za kulalia. Mawe yote yalikuwa safi, milango yote saba, na Mama ameinama na kata ya maji, maji mengine yanamwagikia miguuni.

"Mama! Umefanya nini?"

"Leo wageni wanakuja."

"Ndo haohao wanaotufukuza!"

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa ningefanyaje, Tazuko? Waje wakanyage matunda yaliyooza mlangoni kwangu?" Alijifuta pua kwa mkono wa kimono. "Nimejaribu. Nimelala macho tangu jana, nimejaribu kweli. Siwezi."

Nilitaka kumpigia kelele mpaka uchochoro mzima uamke. Kisha nikaona kipande cha pembeni, penye mtaro, hakijanyunyizwa; nguvu zilimwishia hapo. Nilimpokonya kata nikamalizia. Ndivyo alivyonilea. Nami sikuweza kukiacha.

Walikuja watatu, wamevaa viatu vyeusi. Walisimama mwanzo wa uchochoro, mawe bado yana unyevu, na mmoja wao akasema "Aa!" kwa sauti ya chini. Kuze akatabasamu. Nikajua tumekwisha.

Mwezi wa tatu nilimpandisha Mama ngazi za Yamashina mgongoni. Hajashuka tena. Kodi ya vyumba viwili vile inaishinda ya nyumba yetu ya zamani, maana wote waliofukuzwa mjini wamekimbilia hukohuko. Mshahara wa jiko la shule haukutosha. Kwa hiyo kampuni ilipotafuta mtu wa kufagia uchochoro asubuhi, mtu anayejua mila za pale, Kuze akanitaja, na mimi nikakubali. Msinitazame hivyo. Tumbo halina fahari.

Napanda treni ya kwanza. Wamenipa aproni ya buluu ya kizamani ili nipendeze kwenye picha. Nafagia milango yote saba, mwanzo hadi mwisho; mipaka haipo tena. Kwenye mlango wetu sasa kuna kisanduku cha ufunguo, na ndani, chumba alichofia Yasuhei, huwa nasikia simu ya mtu ikimwamsha. Wageni wakitoka nawainamia.

Nikirudi, Mama yuko kitandani amegeukia dirisha. Huniuliza neno lilelile kila siku.

"Umefagia kwetu?"

"Nimefagia, Mama."

"Na kwa Nishio? Hukupitiliza?"

"Shubiri moja tu."

"Vizuri," husema, na kufumba macho.