Pistoni ya Tatu

Agathe aliikalia cherehani yake kama mtu anayekalia kigoda jikoni, akasema hasimami mpaka tarumbeta ifunguliwe.

Walikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka kwao, hatua chache kutoka kwenye reli. Mapatano yenyewe yalikuwa mepesi kuyataja: cherehani iende na Lukumani, mchuuzi wa kwenye treni, tarumbeta yake ibaki na Théodore, mumewe Agathe. Lakini cherehani hiyo ndiyo iliyowavisha watoto wao watano, na kuwalisha pia. Naye Théodore, tangu tarumbeta yake ya zamani ipasuke, alikuwa na siku tatu tu: Jumapili orkestra yao inapiga harusi, na mtu mwingine alikwisha kujipanga kukichukua kiti chake.

"Angalia, ndeko, ndugu yangu," alisema Lukumani. "Namba iko hapa kwenye tumbo. Jina ya fabriki iliyoitengeneza iko hapa kwenye mudomo. Vyote imezaliwa navyo. Hata kiraka hakuna."

Ilikuwa kweli. Théodore alipitisha kidole gumba kwenye kila kiungo akitafuta risasi ya kuungia, asiione. Akapuliza. Sauti ikatoka safi, hata wapagazi wa reli wakageuka.

"Mama Julie, umesikia?" Théodore alimwuliza mkewe.

"Nimesikia. Ndani sijaona. Na hizo pistoni za kubonyeza zinapanda pole pole."

"Ziko na usingizi tu," Lukumani alicheka. "Hata wewe, mama, ukilala mwaka muzima..."

"Nikilala mwaka muzima, nani atapika?"

Treni ikapiga filimbi. Lukumani akaacha kucheka, akashika mkono wa cherehani. "Bon. Treni hainingojei. Kule Ponthierville watu wa kununua wako."

"Simama, mama," Théodore alisema kwa sauti ya chini. "Unanipatisha haya."

Agathe hakusimama. Tarumbeta ilipopita karibu na uso wake alinusa kitu anachokijua: mafuta ya mawese. Mwaka wa kwanza shuleni, kabla hajapata diploma yake ya ushonaji, aliwahi kuipaka mawese mashine ya kushonea ya masista. Asubuhi, kukiwa na baridi, mafuta yaliganda yakaziba kila ulegevu, mashine ikaenda kama mpya. Jua lilipopanda yakayeyuka, na vyuma vikaanza kugongana. Alipigwa kwa kosa hilo.

"Papa Julie, toa pistoni. Futa."

"Utaiharibu!" Lukumani akaruka. "Ile mafuta ni ya fabriki!"

"Haya ni mawese. Fabriki gani inapika mboga ya pondu?"

Mpagazi mmoja akacheka kwa nguvu. Agathe akavua kitambaa cha kichwani, akamtupia mumewe. Théodore alisita, kisha akafungua pistoni ya kwanza. Chini ya mafuta ilikuwa na alama ya moja. Ya pili, alama ya mbili. Ya tatu aliifuta mara mbili, akaigeuza huku na huku. Haikuwa na alama yoyote; ilitoka kwenye tarumbeta nyingine. Alipoirudisha, ikacheza ndani ya nyumba yake kama jiwe ndani ya kopo.

Akapuliza. Tarumbeta ikakohoa, hewa ikavuja.

Filimbi ya pili. Lukumani alitazama treni, akatazama cherehani. "Mwili iko ya kweli. Pistoni moja tu..."

Théodore alibaki ameishika. "Naweza kutafuta ingine," alisema, bila kumtazama mkewe.

"Wapi? Bafwasende, kule porini?"

Vidole vya Théodore vilibonyeza pistoni mara moja, mbili, tatu, na ya tatu ikatoa mlio wake wa kopo. Kisha akamrudishia Lukumani tarumbeta. Mtu yule akaondoka mbio kuelekea kwenye behewa, hakuaga.

Agathe akasimama.

Théodore akainama, akajitwika cherehani kichwani, akaanza kushuka kuelekea kwenye mitumbwi.

"Jumapili watanipa maraka, vile vibuyu vya kutikisa," alisema.

"Tikisa. Shati ya kutikisia nitakushonea leo." Agathe akaokota kile kitambaa, chekundu kwa mawese, akamtupia begani. "Lakini hiki utakifua wewe."