Gauni la Kiuno cha Mwingine

Zipu ilikwama katikati ya mgongo, na fundi akajua haitapanda hata ikivutwa kwa koleo. Binti yake alisimama mbele ya kioo cha karakana, amebana pumzi, macho yamemwiva.

"Vuta tena, mama."

"Nikivuta litachanika."

"Basi bora nichanike mimi."

Kosa lilikuwa la fundi mwenyewe, tena alilijua. Miaka ishirini na mitatu alishona kwa kupima mwili uliosimama mbele yake, si mwili wa pichani. Wangapi aliwarudisha, waliomnyooshea simu wakisema, "Nishonee kama la yule"? Lakini huyu alikuwa mwanawe. Alimletea vipimo vya yule mwimbaji anayepapatikiwa na kila mtu, kavitoa sijui wapi huko mtandaoni, kiuno inchi ishirini na nne, akaapa kwamba atakuwa amefika hapo kabla ya mahafali. Fundi akakata kitambaa. Alitaka kumfurahisha, basi.

Na pengine alikuwa na deni la moyoni, maana yeye ndiye aliyembandika jina la Kibonge. Alimwita hivyo kwa mapenzi, mtoto akiwa na mashavu ya kufinywa, jina likaganda, mtaa mzima ukalidaka. Wateja nao hawakuwa na breki. "Kibonge, siku hizi unaujaza mlango!" mmoja angesema. Mwingine angedakia, "Mtazame yule mwimbaji, kazaa wawili na tumbo halionekani. Sisi tukizaa mmoja tu, magunia!" Karakana nzima ingeangua kicheko, na fundi alicheka nao, kwa sababu mteja akicheka nawe unacheka.

Tangu siku ile ya zipu, Kibonge aliishi kwa maji na nusu chungwa. Sahani ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Mama alibembeleza, akafoka, akalia, wapi! Mifupa ya mabega ikaanza kuchungulia. Jumatatu moja asubuhi, binti akiwa chuoni, fundi alilitoa gauni kwenye hanga, akafumua mishono ya pembeni, akaachia kitambaa chote cha akiba alichokuwa amekikunjia ndani, akashona upya na kupiga pasi mpaka alama za mshono wa zamani zikapotea. Likimkaa ataona amefika, alijiambia. Atakula. Hakuwa na nia nyingine yoyote, maskini.

Jioni zipu ikapanda hadi juu.

"Mama! Njoo uone! Mama!" Kibonge alimkumbatia, akamzungusha katikati ya vitambaa, na mama akazihisi mbavu za mwanawe moja moja chini ya viganja. "Si mlisema siwezi?"

"Nimeona, mwanangu. Umeshafika. Sasa twende tukale."

"Nile?" Binti alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Ndiyo kwanza mwili unaanza kunisikia, mama. Niache sasa hivi?"

Nusu chungwa ikawa robo.

Siku ya kumi na moja alianguka darasani. Pale zahanati, muuguzi alimtundikia dripu, kisha akamvuta fundi kando ya pazia. "Huyu mtoto anakula kweli? Akiendelea hivi, moyo utagoma. Sikutishi, mama, nakwambia ninachokiona."

Fundi akarudi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amechoka kudanganya. Akijua ni gauni tu lililomchezea, aliwaza, atazinduka na kuachana nalo.

"Nisamehe, mwanangu. Lile gauni nililiachia. Nilifumua pembeni, inchi nne nzima. Nilifanya hivyo ili ule."

Machozi yakamtiririka Kibonge hadi masikioni, na mama akashukuru kimoyomoyo, akidhani ni machozi ya kuelewa. Akamshika mkono ule usio na sindano.

"Kwa hiyo," binti akasema, "siku zote hizi sijapungua."

"Umepungua, mwanangu! Umekwisha! Hebu jitazame mkono huu!"

"Inchi nne. Ukaniacha nacheza mbele ya kioo, mnene vilevile, ukanitazama tu."

"Mnene wapi wewe? Wallahi, ningekuwa na uwezo ningekupa mwili wangu."

"Nani anautaka?"

Aliuchomoa mkono wake taratibu, akaugeuzia ukuta uso. Muuguzi alipopita kuitazama dripu, Kibonge akamwita, kwa adabu kabisa:

"Dada, samahani. Hii mnayonitia ina sukari?"

"Ndiyo, mpenzi. Ndiyo itakayokupa nguvu."

"Ahsante," akasema, na mara muuguzi alipotoka, vidole vyake vikaanza kuibandua plasta ya sindano.