Laini Yenye Jina la Seni

Simu iliita saa nne asubuhi, Marciana akiwa anapepeta karanga nyuma ya nyumba, akautupa ungo. Kwa miaka sita alikuwa akitupa chochote kilichomo mkononi simu ile ikiita. Aliwahi kuacha maziwa yakafurika jikoni. Aliwahi kutoka kanisani katikati ya mahubiri, wenzake wakimkodolea macho, na alipofika nje akakuta ni mtu anatafuta fundi bomba. Kupokea simu hakukuwahi kumchosha. Vingine vyote vilikuwa vimeshamchosha.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya mwanaume.

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Makarius, fundi wa mitambo, huduma kwa wateja makao makuu. Samahani kwa usumbufu, mama yangu. Mnara wenu hapo Mikumi umepata hitilafu, na laini zote zilizosajiliwa zamani zinajifunga zenyewe. Ya kwako naiona hapa kwenye kompyuta, iko kwenye orodha ya kufungwa leo."

Angemwambia ameshinda gari, Marciana angemcheka. Angemwomba hela, angemtukana na kumkatia. Mama huyu hakuwa mjinga. Ameuza karanga na ndizi za kuchoma kwa madereva wa malori pale mizani, na madereva wa malori ni chuo kikuu cha utapeli. Lakini mtu huyu hakuomba wala hakuahidi chochote. Alisema laini itafungwa, na hakuna neno duniani ambalo Marciana aliliogopa kuliko hilo.

"Isifungwe, baba. Tafadhali isifungwe."

"Ndiyo maana nimekupigia, mama. Imesajiliwa kwa jina gani?"

Akamtajia. Seni Ngolo Masanja. Akamtajia majina yote matatu kwa sauti ya kujivuna kidogo, kwa sababu ilikuwa imepita miezi mingi bila mtu kumuuliza habari za mwanawe, hata kwa kazi ya kompyuta. Akamtajia mwaka aliozaliwa. Akamtajia namba tatu anazozipigia mara kwa mara, na vocha ya mwisho aliyoweka. Fundi akashukuru sana, akamwambia sasa azime simu kwa saa tatu ili mitambo ifanye kazi, asiiwashe hata kidogo, akiiwasha laini itaungua.

Miaka sita simu ile haikuwahi kuzimwa. Betri ikikaribia kuisha aliipeleka mbio dukani kwa Devota ikachajiwe, akakaa hapohapo kuilinda. Siku hiyo aliizima kwa mkono wake mwenyewe, akaifunga kwenye kitenge, akarudi kuokota karanga zilizomwagika. Saa saba aliwasha. Haikushika mtandao. Akangoja hadi saa tisa, akaizima, akaiwasha, akaipiga piga kiganjani. Saa kumi Devota alikuja mbio, kandambili mkononi.

"Mama Seni, umelazwa? Mbona umenitumia ujumbe kwamba umelazwa, nikutumie elfu ishirini haraka?"

Hapo ndipo Marciana alipojua laini imeibwa.

Laini yenyewe ilinunuliwa Kilosa mjini, mwaka ule serikali ilipotangaza kwamba kila laini isajiliwe. Wakati huo walikuwa bado wanaishi Munisagara, karibu na reli, yeye na mumewe Ngolo na Seni, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Marciana hakuwa na kitambulisho cha aina yoyote. Seni akatoa kadi yake ya mpigakura, akasema tumia jina langu mama, kwani kuna tofauti? Nusu ya wanawake wa bonde lile walisajiliwa hivyo, kwa majina ya waume, ya wajukuu, hata ya muuza laini mwenyewe aliyekaa chini ya mwavuli. Nani angejua kwamba jina ni mlango, na kwamba siku moja utatakiwa ufunguo?

Mwaka huohuo ikaja amri kwamba mifugo itolewe bondeni. Ng'ombe wao wakakamatwa, faini ikawa kubwa, na Seni akauza madume matatu ya baba yake bila kumwuliza, ili akomboe waliobaki. Ngolo hakutaka kusikia sababu. Mbele ya watu alimwambia asikanyage tena pale nyumbani, na Seni, ambaye alikuwa na kichwa kigumu kama cha baba yake, akachukua begi akaondoka kuelekea kusini. Wiki chache baadaye mto ulifurika, ukaichukua nyumba na zizi, lililokuwa tupu baada ya ng'ombe kutolewa bondeni. Wakahamia Mikumi. Ngolo akafa mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa kifua. Siku tatu kabla ya kufa alimshika mkewe mkono akasema, "Akipiga, mwambie yameisha."

Basi Marciana alibaki na kazi hiyo moja, kungoja simu. Seni hakujua kwamba nyumba haipo, hakujua kwamba baba hayupo, na hakujua kwamba yameisha. Alichokijua ni namba ile, maana aliinunua mwenyewe na kuikariri. Hata akirudi Munisagara angekuta matete. Namba ndiyo ilikuwa nyumbani.

Wakala wa Mikumi alimwambia hawezi kurudisha laini ya namna hiyo, aende ofisi ya kampuni, Kilosa. Akaenda. Basi liliharibika Ulaya, Ulaya yetu hii ya barabara ya Kilosa, si ile ya wazungu, wakakaa kando ya barabara mpaka mchana, na alipofika ofisi ilikuwa inafungwa. Akalala kwa Mkristo mwenzake, asubuhi akawa wa kwanza mlangoni. Kijana wa kaunta, Timotheo, alikuwa na adabu. Adabu yake ilimchosha Marciana zaidi kuliko kama angefokewa.

"Mama, laini hii ilirudishwa kwenye kadi mpya wiki iliyopita. Mwenyewe alikwenda kwa wakala, Dar es Salaam."

"Mwenyewe nani?"

Timotheo akasoma kwenye kioo. "Seni Ngolo Masanja."

Kwa kitambo kifupi sana, kama mtu anapokoroga uji mara moja, Marciana alifurahi. Moyo uliruka kabla akili haijafika. Kisha akili ikafika, akashika kaunta.

"Huyo si Seni, baba. Huyo ni mwizi. Alinipigia, akaniuliza jina, nikampa."

"Pole sana, mama. Lakini mimi naona jina, sioni sura. Inabidi mwenye laini aje mwenyewe na kitambulisho."

"Angekuwepo wa kuja, ningekuja mimi?"

Timotheo alitazama chini. Watu wanne nyuma ya Marciana walikuwa wanaguna. "Kama amefariki," alisema polepole, "lete cheti cha kifo, au hata barua ya mtendaji. Hapo tunaweza kuifunga ya mwizi, namba tukakupa wewe kama mama yake. Inawezekana kabisa."

Marciana alirudi Mikumi hoi bin taabani, vumbi mpaka kwenye kope. Devota, ambaye huruma yake ilikuwa ya vitendo siku zote, alilisikia jambo hilo akapiga makofi.

"Sasa shida iko wapi? Mtendaji tunamjua. Andika amekufa, upate namba. Karatasi tu, Mama Seni! Siku akirudi tutacheka."

Karatasi tu. Marciana hakulala vizuri siku mbili. Kwao mtu hatangaziwi kifo akiwa hai. Huo ni uchuro, ni kumwita kaburini kwa jina. Lakini pia alijiuliza, na lilimuuma kujiuliza: miaka sita bila hata kubipu, ni nani aliyesema yuko hai? Labda yeye peke yake ndiye alikuwa hajaambiwa. Siku ya tatu alipiga moyo konde, akafunga kitenge, akaenda.

Mtendaji Lupakisyo alimkaribisha kiti, akampa pole nyingi, akatoa karatasi yenye mhuri. Akaandika jina. Akaandika la baba. Kisha akainua kalamu.

"Alifariki lini, mama?"

Swali dogo la ofisini. Marciana alifungua mdomo, tarehe ikakataa kutoka. Alifikiria Jumatatu, akafikiria mwezi wa tatu, na kila siku aliyoifikiria alimwona Seni siku hiyo anakula, anafunga kamba ya kiatu, anapiga mluzi. Akasimama.

"Nisamehe, mheshimiwa. Nimekupotezea karatasi."

"Mama, mbona..."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Alitembea hadi dukani kwa Devota bila kujifuta machozi; watu wa Mikumi wamezoea kuona watu wanalia kando ya barabara kuu, hawaulizi. Akakaa juu ya kreti la soda.

"Nipe simu yako," alisema.

Devota alikuwa ameshampigia mwizi mara kumi na kitu. Mara zote alikuwa hapokei, au alipokea akasikia matusi ya kwanza akakata. Marciana alibonyeza namba yake mwenyewe, tarakimu moja moja. Ikaita. Ikapokewa.

"Haloo."

Ilikuwa sauti ileile ya mitambo na makao makuu, ila sasa bila utamu. Ilisikika ya mtu aliyechoka kama yeye.

"Makarius," alisema Marciana. "Ni mimi, mama wa Mikumi. Usikate. Sitaki hela. Zile ulizozikuta kwenye laini, kula. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu."

Simu haikukatwa. Kwa mbali alisikia redio.

"Kuna mtu amewahi kupiga hapo? Si hawa mnaowaomba hela. Mwingine. Mwanaume."

"Wanapiga wengi, mama."

"Namba ngeni."

Devota alimwashiria Marciana akate, vocha inakwenda. Marciana akamgeuzia mgongo.

"Kuna mmoja," alisema mwizi. "Jumanne asubuhi. Alikuwa anaongea kilugha, sikumwelewa. Anasema mayu, mayu. Anarudia hivyohivyo."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Marciana alishika ukingo wa kreti. Kitu alichokuwa amekingoja miaka sita kilikuwa kimekuja, kikabisha hodi, na aliyefungua ni huyu.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia amekosea namba."

"Na yeye?"

"Akasema samahani. Akakata."

Samahani! Alivyokuwa mgumu wa kuomba radhi, mtoto yule, na amemwomba radhi mwizi. Marciana aliinama akalia kwa sauti, bila aibu, simu ikiwa sikioni, na mwizi akakisikiliza kilio chote mpaka mwisho. Labda hakujua la kufanya. Labda naye ana mama. Mimi sitamtetea, aliyafanya aliyoyafanya.

"Nipe namba aliyopigia," alisema Marciana alipopata pumzi.

"Haipo, mama. Huwa nafuta. Simu hii inaingia laini nyingi, nafuta kila siku." Akasita. "Kweli tupu. Hii leo nilikuwa naitupa."

"Usiitupe."

"Mama..."

"Usiitupe, nakuomba kwa Mungu. Sikiliza. Akipiga tena, usimwambie amekosea. Atakuamkia, atasema mwangaluka mayu. Na wewe unajibu mwangaluka. Hapo atajua amefika. Hebu sema."

Mwizi alicheka kidogo, cheko la mtu asiyejua aweke wapi uso wake. Marciana hakucheka. Akangoja.

"Mwangaluka," alisema mwizi.

"Umekimbia. Polepole, kama unamsalimia mtu wako."

"Mwangaluka."

"Sawa. Kisha umwambie kwa Kiswahili tu. Mama yako yuko Mikumi, aulizie duka la Devota, karibu na mizani. Umwambie baba yako amefariki, lakini kabla hajafa alisema yameisha. Usianze na kufariki. Anza na yameisha. Rudia."

"Mama yuko Mikumi, duka la Devota, karibu na mizani," alirudia mwizi, sauti imeshuka kama ya mwanafunzi wa katekisimu. "Baba alisema yameisha. Halafu... ndiyo nimwambie amefariki."

"Ndivyo hivyo."

"Sikuahidi, mama."

"Sikukwambia uahidi. Nimekwambia urudie."

Akarudia tena, yote, kuanzia mwangaluka. Safari hii alipofika kwenye yameisha alikohoa. Kisha akakata, au vocha ya Devota iliisha, haikujulikana.

Devota alipokea simu yake, akaifuta kwa upindo wa gauni. Alikuwa amesikia kila kitu na uso wake ulikuwa umejaa hasira kwa niaba ya mwenzake.

"Unamwachia mwizi maneno ya marehemu, Mama Seni?"

Marciana alifungua fundo la kitenge, akatoa noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya kaunta.

"Nirushie vocha kwenye ile namba," alisema. "Isikae tupu ikafungwa."

"Kwa mwizi?"

"Kwa Seni," alisema Marciana, akaanza kumtajia tarakimu.