Mapande Mawili ya Kushoto

Fundi Milimita hakupewa jina hilo bure. Mkasi wake ukishapita umepita, huna haja ya kupima tena. Ndiyo maana alipomaliza kupigwa mionzi ya uvimbe wa ubongo, alimwambia mkewe, "Watu waambie nilisafiri tu. Nani atampa kitambaa fundi mwenye kichwa kibovu?"

Daktari alishawaambia yote. Nywele zitanyonyoka pale mionzi ilipopita, uchovu utamlaza mchana kweupe, na kumbukumbu huenda ikayumba. Nywele akazificha kwa kofia ya sufu, wateja wakamtania eti ana baridi yake peke yake. Uchovu akausingizia uzee. La kumbukumbu, mbishi huyu hakutaka hata kulisikia.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Huyu wetu aliumbuliwa na koti. Lilikuwa la Mwalimu, jirani yao, anayemwoza bintiye Jumamosi. Mke wa fundi, anayeshonea cherehani ya pili, alitandaza mapande ya mbele mezani akakuta yote mawili ni ya kushoto. Milimita alisahau kugeuza karatasi ya kukatia, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kitambaa kilichobaki hakikutosha hata mfuko.

"Umenifutia alama zangu za chaki," akamfokea mkewe. Alijua ni uongo kabla hajaumaliza.

Mwalimu akaingia, uso umejaa furaha, amekuja kujaribu koti. Mke wa Milimita akamuwahi. "Mwalimu, nisamehe. Nimekuharibia kitambaa. Nimekata mimi."

"Shemeji, kazi ya Milimita umeiingilia ya nini?" Mwalimu akanuna. "Na wewe ndugu yangu, usimwachie tena mkasi."

Fundi akanyamaza. Mwanamume mzima na ndevu zake, ananyamaza, na mwanamke aliyemsafishia matapishi ameinamisha kichwa kwa kosa lisilo lake. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

Mwalimu alipofika mlangoni, Milimita akavua kofia. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa mtupu, ngozi imeungua nyeusi.

"Mwalimu, rudi. Aliyekata ni mimi. Nilipigwa mionzi kichwani, sasa nasahau. Huyu hana kosa, nimemsingizia."

Mwalimu alikitazama kile kichwa, akatoka. Jioni alirudi na kitambaa kingine, akakiweka mezani.

Milimita alichukua mkasi, akamgeuzia mkewe upande wa mshikio.

"Kata wewe," akasema, macho chini. "Mimi nitakushikia kitambaa."