Pa Kukaa

Odessa alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha watu, shuka amelifunua mpaka kwenye mishono ya godoro, huku mzee wa mapokezi akimtazama kutoka mlangoni kama mtu anayeibiwa mchana.

"Mama, huyu baba anatungoja," alisema Renita, binti yake.

"Angoje. Uso wa godoro haukwambii kitu. Tazama mishono."

Alipitisha kidole polepole kwenye pembe zote, akakinusa, akainuka kwa kujishika kiuno. Hapakuwa na kunguni wala alama zao. Dirishani lilionekana bwawa la kuogelea, na ng'ambo ya miti, reli za vigari vya kasi vya bustani ya michezo zilipanda na kuporomoka. Jaylah, mjukuu wake wa miaka saba, alikuwa ameshaganda kwenye kioo.

"Panafaa," alisema Odessa.

"Hakuna jiko," alisema Renita.

"Jiko la nini?"

"La kupikia, Mama."

"Tumekuja likizo au tumekuja kufungua mgahawa?"

Renita alimshukuru mzee, akamshika Jaylah mkono, akatoka. Odessa alibaki anamtazama mgongo. Tangu lini Renita akaacha kujibu?

Odessa alikuwa msafisha vyumba katika moteli moja ya Tifton, Georgia, kando ya barabara kuu inayoteremka kwenda Florida. Kila kiangazi familia zinazokwenda kwenye bustani hiyo zililala hapo njiani, na wakati wa kurudi yeye ndiye aliyeokota mataji ya plastiki chini ya vitanda vyao. Mwenyewe hakuwahi kwenda. Kwa hiyo Renita aliposimama jikoni siku moja akasema, "Mama, nimepata pa kukaa Florida, twende wote, Jaylah aione bustani kabla shule hazijafunguliwa," Odessa alifurahi kuliko mtoto. Kisha akatoa sharti. Hakuna atakayelaza kichwa mahali ambapo yeye hajapakagua. Tena yeye si mtu wa kununua nyanya ya kwanza anayoonyeshwa. Kabla ya kufika hapo pa Renita, wataangalia na kwingine.

"Ukikikataa chumba, Mama, hatukai," Renita alimwahidi. "Neno lako ndilo la mwisho."

Moteli ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Odessa alikagua godoro, akaridhika, na kwa mazoea akakitandika kitanda upya, shuka limebanwa chini ya godoro, pembe zimekunjwa kali.

"Mtu akilala humo miguu inafungwa jela," Renita alitania. Tangu utotoni hakuweza kulala miguu ikiwa imebanwa.

"Kitanda cha mgeni ndivyo kinavyotandikwa. Haya, tulipe?"

Renita alichungulia nje. "Basi la mjini halipiti hapa."

"Na hilo gari langu tulilokuja nalo ni nini, punda?"

Renita alicheka, lakini alicheka vibaya, kwa meno tu.

Dalili ya mvua ni mawingu, na Odessa alikuwa ameanza kuyaona tangu Georgia. Kikaango cha chuma cha marehemu mama yake, ambacho Renita alikiomba eti cha mayai ya asubuhi, kilikuwa kimeviringishwa kwenye taulo chini ya kiti cha gari. Koti la baridi la Jaylah lilikuwa kwenye buti la gari, mwezi wa nane, tena Florida. Na asubuhi ile, Renita alipokuwa anajaza mafuta, Odessa alikuwa amemgeukia mjukuu wake.

"Hivi mama yako siku hizi anaongea na nani kwenye simu?"

"Na Bi Nereida."

"Nereida ndiye nani?"

Jaylah alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Odessa hakudanganyika. Mwanamume anaweza kupewa jina lolote kwenye simu. Yeye mwenyewe ujanani alikuwa na mwanamume wake, na nyumbani huyo alijulikana kama fundi bomba. Florida kulikuwa na mwanamume. Mwanamume huyo angemchukua Renita, na Renita angemchukua Jaylah. Hapo ndipo moyo ulipomwenda mbio. Nyumbani walikuwa watatu tu, na yeye ndiye aliyemsuka Jaylah kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, tangu nywele zake zilipoanza kushikika. Wakiondoka hao, angebaki yeye na televisheni.

"Haya," alisema, akifunga mkanda wa gari kwa nguvu. "Tupeleke huko kwako kwenye jiko na basi. Tumwone na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba gani?"

"Endesha."

Moteli ya Renita ilikuwa mbali na bustani, nyuma ya duka la matairi. Rangi yake ya waridi ilikuwa imechujuka. Odessa alishuka, akasimama bila kufunga mlango wa gari. Mbele ya vyumba palikuwa na baiskeli za watoto na viatu vya kazi vilivyoanikwa. Kwenye kizingiti kimoja pilipili ilikuwa imestawi ndani ya kopo la rangi. Odessa aliitazama sana ile pilipili. Mpita njia hapandi pilipili.

Mwanamke mnene mwenye miwani kichwani alitoka mapokezi amefungua mikono. "Renita, umerudi! Na huyu ndiye Jaylah? Karibuni, mvua hiyo inakuja."

"Mama, huyu ndiye Bi Nereida," alisema Renita.

Odessa alimpa mkono, lakini macho yalikuwa kwa binti yake. Kumbe Nereida alikuwa mwanamke kweli. Hilo halikumtuliza. "Umerudi? Ulikuja lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita ulikuwa Macon, kwa rafiki yako mjamzito."

"Tuingie ndani kwanza, Mama."

Chumba kilikuwa kidogo na safi: vitanda viwili, jiko la sahani mbili, sinki, kabati lenye droo. Odessa alikagua bafu, akafungua kabati, akachungulia nyuma ya pazia. Hakuona kiatu cha kiume wala wembe. Alikuwa anainamia kitanda cha kwanza aliposikia droo ikivutwa.

Jaylah alikuwa anapanga soksi zake, jozi baada ya jozi, akizisukuma nyuma ili zienee.

Odessa alijiinua taratibu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumwona mgeni aliyetia nguo kwenye droo. Wageni hutoa nguo sandukuni na kuzirudisha sandukuni. Kwenye droo za moteli hukaa Biblia na vumbi.

"Nani kakwambia uweke humo?"

"Mama. Si tunakaa hapa?"

Mvua ilianza kuanguka kwenye paa. Renita aliegemea sinki, mikono kifuani.

"Nimepata kazi, Mama. Jikoni, hukohuko bustanini. Naanza Jumatatu. Kiwanda cha kuku kilichotufukuza hakifunguliwi tena, unajua. Nimezunguka Tifton nzima."

"Na mwanamume?"

"Mwanamume yupi?"

"Wa kwenye simu."

"Ningempata wapi? Mpaka leo nanuka kuku." Renita alitaka kucheka, akashindwa. "Nilikwambia, Mama. Mchana kweupe, pale jikoni. Nilikwambia nimepata pa kukaa."

Odessa alifungua mdomo amkatalie, kisha akayakumbuka maneno yenyewe. Kwao Georgia, ukimuuliza mtu anakaa wapi, anakutajia mlango unaofunguka kwa ufunguo wake. Mgeni hakai, mgeni analala, akiamka anakwenda zake. Odessa alikua akilisikia neno hilo hivyo. Lakini wateja wa moteli, watu wa kaskazini, humwuliza kama wanaweza kukaa usiku mmoja, na sikio lake lilikuwa limezoea lugha ya wateja. Binti yake alikuwa amesema naye kwa lugha ya nyumbani, naye akamsikia kwa sikio la kazini.

"Ulijua nimekosea kusikia," alisema.

Renita aliinamisha kichwa. "Nilijua. Ulifurahi mno. Nikasema nitakurekebisha kesho, na kesho ikawa haifiki."

"Nikakupa na kikaango."

"Ukanipa na kikaango."

Iliuma. Odessa aliketi ukingoni mwa kitanda, akajiona mjinga, mwanamke mzima aliyesindikiza mali yake mwenyewe huku akiimba njiani.

"Kitanda hujakikagua," Renita alisema polepole. "Nilikuahidi, na sivunji. Kama kuna kitu, sema. Tutarudi nyumbani, nitatafuta njia nyingine."

Hakuwa anatania. Odessa alimwona usoni. Binti yake asingeweza kumtofautisha kunguni na mbegu ya ufuta, wala asingethubutu kumpinga mama yake kwa jambo hilo. Neno moja lingetosha. Soksi zingetoka kwenye droo, na Jumatatu asubuhi Jaylah angekaa katikati ya magoti ya bibi yake akilalamika kuwa kitana kinauma.

Alipiga magoti. Alifunua shuka, akapitisha kidole kwenye mishono, pembe moja baada ya nyingine, akainua godoro akatazama mbao chini yake. Alirudia tena upande wa kichwani. Alitafuta kwa bidii ambayo hakuwahi kutafuta nayo kwenye chumba chochote, na kwa mara ya kwanza maishani aliomba akute kitu. Hakukuta.

"Bibi, wapo?" aliuliza Jaylah.

Odessa hakugeuka. Lile neno lilikuwa limeshamfika ulimini.

Mlango uligongwa. Nereida aliingia na taulo kifuani, mabega yamelowa. "Samahani, mvua. Niwaachie taulo za watu wangapi? Mnakaa wote watatu?"

Renita alikuwa anamtazama mama yake, na mkono wake ulikuwa umeshashika mpini wa begi.

"Wanakaa hawa wawili," alisema Odessa, bado yuko magotini. "Mimi nalala tu."

Nereida aliweka taulo juu ya kabati, akatoka. Renita aliachia begi. Alivuta hatua moja kuja kwa mama yake, na Odessa akamwinulia kiganja: bado.

Alilikung'uta shuka, likajaa hewa, likatua. Mikono yake ikaenda yenyewe, ikabana ubavu huu, ikabana na ule, ikakunja pembe kali kama za kazini. Alifika miguuni akasimama. Kisha akaushika upindo wa shuka, akauchomoa wote chini ya godoro, akauacha unaning'inia.