Mshale Uelekee Dirishani

Naomba ifahamike kwa wote, waliopo na watakaozaliwa, kwamba kwa saa moja na nusu hatima ya wanafunzi arobaini na wawili wa kidato cha pili ilikuwa mkononi mwangu. Mkono wa kushoto, kusema kweli, maana wa kulia ulikuwa na kipande cha mkate.

Mwalimu wa ushauri wa kazi tulimwita Dira, kwa sababu hakumaliza kipindi bila kutukumbusha kwamba kila mtu amezaliwa na dira yake. Alitupa maswali sitini. Je, unapenda kupanga vitu? Je, damu inakutisha? Ukikubali unapaka kiduara wino, ukikataa unakiacha. Kisha karatasi yako inafunikwa na kadi ngumu yenye mistari ya matundu, kila mstari na kazi yake pembeni. Mstari unaoonyesha wino mwingi ndio kazi yako. Kwenye pembe ya kadi palichorwa mshale, na Dira alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MSHALE UELEKEE DIRISHANI. Miaka kumi na minne alikuwa akisahihishia kwenye meza ileile.

Safari hii alinikabidhi mimi kazi hiyo. Aliamini kwamba mtukutu akipewa dhamana hutulia. Nilitulia kabisa. Nikaugeuza mshale ukaelekea mlangoni.

Ijumaa majibu yalibandikwa. Kiranja wa bweni, ambaye hata adhabu ya kufagia aliitoa kwa sauti ya hakimu, alitoka mfuga nyuki. Aliyezimia siku tulipopasua chura alitoka mpasuaji. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na mimi nilicheka kwa mshangao niliokuwa nimeufanyia mazoezi.

Jirani yangu wa kitanda cha chini hakucheka. Huyu ndiye aliyetushonea mpira, magodoro, na mara moja sikio la paka, na tangu dada yake mdogo apasuliwe akapona hakuwa na wimbo mwingine ila udaktari. Karatasi ilimwambia: dereva wa winchi. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni.

Jumatatu tulitakiwa kurudisha fomu za kuchagua masomo, na anayeacha baiolojia hairudii tena. Jumapili mchana nilimkuta amekaa kitandani na kifutio.

“Unafuta nini?”

“Baiolojia.”

“Achana na karatasi ile, bwana.”

“Maswali sitini, ndugu yangu, na yote nimejibu kwa moyo. Kama hata hapo udaktari haukuonekana, basi nilikuwa najidanganya.” Alipuliza mabaki ya kifutio. “Winchi nayo si mbaya. Uko juu huko, hakuna wa kukusumbua.”

Hapo ndipo mtu mwenye uti wa mgongo angesema. Mimi nilikwenda kufua soksi. Nilizifua mara mbili.

Jumatatu kabla ya gwaride Dira aliniita ofisini. Mama yake kiranja alikuwa amepiga simu kuulizia habari za nyuki, kwa hiyo mwalimu alikuwa amezipitia karatasi zote upya. Zilikuwa mezani, na kadi juu yake. Kando kulikuwa na rundo la fomu za masomo, zikisubiri kupelekwa kwa mkuu wa shule.

Hakupandisha sauti. Alisema karatasi arobaini na moja zilikuwa zimesahihishwa kichwa chini. Moja tu ilikuwa sawa.

“Ya nani?” akaniuliza.

Nilitazama dirisha. “Yangu, mwalimu.”

“Kwa nini yako hukuigeuza?”

Nilikuwa na uongo mzuri wa aina tatu tayari. Sijui uliishia wapi.

“Nilitaka kujua.”

“Kujua nini?”

“Nitakuwa nani.”

Aliisogeza karatasi yangu karibu naye na kuisoma, ingawa alikwisha kuisoma. Karani wa mahakama. Mtu wa kukaa kimya na kuandika makosa ya wenzake.

Nje kengele ya gwaride ililia. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye rundo la fomu.

“Mwalimu, usizipeleke,” nikasema. “Kadi niligeuza mimi, kwa makusudi, nikiwa na akili timamu. Ya jirani yangu wa kitanda cha chini iko humo. Amefuta baiolojia, na jana nilimwona akifuta, nikanyamaza.”

Alitoa mkono kwenye rundo. Akafungua droo, akanipa karatasi tupu na kalamu.

“Andika hivyohivyo,” akasema. “Kisha ukamsomee yeye kwanza.”